Gundi haiogopi nguvu, inaogopa joto

Namna ya kutoa pete, ncha na mpini wa fimbo ya kuloba bila kuua fimbo yenyewe

Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Safari hii tunaacha shamba kidogo, tunashuka kwenye maji. Sababu ni rahisi: hapa Lualaba mkulima wa kando ya maji ni mlobaji pia. Mahindi yanavunwa mara moja kwa mwaka, lakini bukari inaliwa kila siku, na bukari bila mboga haishuki. Kwa wale wa Nzilo, wa Lubudi na wa vijito vinavyoingia Lualaba, mboga hiyo mara nyingi inatoka kwenye ndoano.

Zamani fimbo ya kuloba ilikuwa ufito wa mwanzi. Ikivunjika, unaenda kukata mwingine. Leo wengi wenu mnazo fimbo za nyuzi za kioo au za kaboni, nyingi zikiwa za okazio. Ni nyepesi, zinatupa kamba mbali, lakini zikiharibika hazioti msituni. Na tukitembea katika koperative tunaona jambo moja linarudi: fimbo nyingi zilizokufa hazikuvunjwa na samaki. Zilivunjwa nyumbani, mikononi mwa mtu aliyetaka kuzitengeneza. Pete ndogo ya ncha ilipasuka, mtu akashika koleo akavuta na kupinda, na fimbo nzima ikaenda na pete. Utasikia watu wanasema: "Vuta tu na nguvu, itatoka!" Ndiyo, itatoka, na kipande cha fimbo ndani yake.

Kwa nini tunahangaika na fimbo moja

Kwa sababu mtu aliyepoteza fimbo haachi kutafuta mboga. Anatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni chandarua cha mbu. Tumekiona kando ya maji, kimeshonwa viwili kwa kimoja, kinavutwa na watoto kwenye majani ya pwani. Matundu yake ni madogo kiasi kwamba hata tilapia wa urefu wa kucha hapiti. Samaki mkubwa anakaa kwenye maji marefu. Kule pembeni kwenye majani ndiko vitoto vinakojificha na kukua. Basi chandarua kinaokota samaki wa mwaka unaokuja. Tena vyandarua vingi vina dawa ya kuua wadudu, na dawa za jamii hiyo ni sumu kali kwa samaki. Na usiku ule ule kuna mtoto aliyelala bila chandarua.

Ziwa Nzilo si ziwa la kale. Ni maji yaliyofungwa na bwawa lililojengwa juu ya Lualaba wakati wa Union Minière, na mashine zake za umeme zilianza kazi mwaka 1952. Kisichowekewa akiba kinakwisha, sawa na mbegu ghalani. Fimbo yenye ndoano inachukua samaki mmoja mmoja, na ndoano ya ukubwa mzuri inaacha wadogo. Kwa hiyo fimbo moja iliyookolewa ni faida ya nyumba moja, na ni faida ya maji ya wote.

Jambo la kwanza: fahamu nafasi unayofanyia kazi

Mwili wa fimbo, iwe ya kioo au ya kaboni, ni nyuzi nyembamba sana zilizolala kwa urefu, zikashikanishwa na gundi ngumu. Fundi wa kiwandani anaziweka kwenye tanuru yenye joto la zaidi ya digri 100 ili gundi hiyo ikauke kabisa. Nyuzi hizo zinapenda kupindwa kidogo kidogo, kama zinavyopindwa na samaki. Hazipendi kubanwa, hazipendi kukatwa, na hazipendi kusokotwa. Koleo linabana, kisu kinakata, na mkono unaozungusha pete kwa hasira unasokota. Ndiyo maana fimbo inayoweza kutoa kambale mkubwa inavunjika mbele ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Gundi inayoshika pete ni kitu kingine. Ukiivuta, inakataa. Ukiipa joto, inalegea. Gundi nyingi za kuunganisha pete na mpini zinaanza kulegea kwenye joto la digri 60 hadi 90, yaani chini ya lile ambalo mwili wa fimbo ulivumilia kiwandani. Hapo katikati kuna nafasi: joto linalotosha kulegeza gundi lakini halitoshi kuumiza fimbo. Kazi yote ya kutengeneza inafanyika ndani ya nafasi hiyo.

Na sisi wa Kolwezi tuna bahati. Mji wetu uko juu, meta 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu maji yanachemka kabla ya kufika digri 100. Hapa yanachemka kwenye digri 95 hivi. Maana yake, maji ya moto hayawezi kupita kiasi hata ukiyasahau kwenye mbabula: yanachemka, yanaishia pale. Moto wa briketi unapita digri 1,000, na hauna mtu wa kuusimamisha. Kwa hiyo tunasema: maji kwanza, moto mwishoni kabisa, na mara nyingi moto hautahitajika.

Jambo la pili: jua ni gundi gani

Kabla ya kugusa kitu, kata kamba na utoe ndoano. Ndoano iliyoachwa kwenye kamba imechoma vidole vingi kuliko samaki yeyote. Kisha tazama gundi iliyotokeza pembeni ya pete au ya mpini. Chukua sindano, ipashe joto, uiguse gundi hiyo, ukifanya hivyo nje penye upepo.

Kama gundi inayeyuka na kuvuta uzi kama asali, ni gundi ya kuyeyuka, ile inayouzwa kama vijiti. Viwanda vingi vinaitumia kwenye pete ya ncha, kwa makusudi, ili siku moja itolewe. Hii ndiyo rahisi kuliko zote.

Kama inabonyea kama mpira lakini haiyeyuki, ni gundi ya mirija miwili, ile watu wengi wanaiita Araldite hata ikiwa ya jina lingine. Hii haitarudi kuwa maji. Inalegea tu ikiwa na joto, na ikipoa inashika tena. Kwa hiyo inataka joto la muda mrefu na kuvuta wakati bado ni moto.

Kama ni ngumu, inavunjika kama kioo chembamba, na pembeni imeacha ukungu mweupe, ni ile ya kukauka haraka, wengi wanaiita "super glue". Ilivumbuliwa Marekani mwaka 1942 ikaanza kuuzwa 1958. Inashika haraka, lakini haipendi kupigwa wala joto. Usiipashe moto mkali: moshi wake unachoma macho na kifua.

Kama ni ya rangi ya kahawia, laini, na inanuka kama kwa fundi viatu, ni gundi ya viatu au ya kuziba mpira wa kinga. Mtu aliyekuuzia fimbo ya okazio ameshaitengeneza kabla yako. Joto dogo linatosha.

Kutoa pete ya ncha

Pete ya ncha ni ile ya mwisho kabisa, yenye kimrija kinachovaa ncha ya fimbo. Ndiyo inayovunjika mara nyingi, na hapo ndipo fimbo ni nyembamba kuliko popote. Fuateni hatua hizi bila kuruka hata moja.

1. Piga alama ndogo kwa kalamu kwenye fimbo, inayolingana na uso wa pete, ili pete mpya ikae mstari mmoja na zingine.

2. Kama kuna uzi uliozungushwa chini ya kimrija, utoe kwanza, kama tutakavyoeleza mbele. Uzi ukibaki utashika pete hata gundi ikilegea.

3. Chemsha maji. Yamimine kwenye kopo refu lililowekwa chini, mahali ambapo mtoto hafiki. Kopo hilo lisiwe la kupikia, na lisiwe lile la kupimia dawa za shamba.

4. Ingiza pete na kimrija chake peke yake ndani ya maji, si shibiri nzima ya fimbo. Hesabu polepole hadi 60. Kwa gundi ya mirija miwili, hesabu hadi 60 mara tatu, na ongeza maji mapya ya moto juu ya kopo yakipoa.

5. Toa, na bila kuchelewa shika pete kwa kitambaa kinene. Mkono mwingine ushike fimbo karibu kabisa na kimrija, upana wa vidole viwili chini yake. Ukishika mbali, fimbo itapinda na kukatika.

6. Vuta moja kwa moja, kwa mstari wa fimbo. Usipinde pembeni. Usizungushe kwanza. Pete ikianza kutembea hata kidogo, hapo unaweza kuigeuza kidogo sana ili kuisaidia kutoka.

7. Ikikataa, usiongeze nguvu. Rudisha kwenye maji. Mara tano, mara sita, hakuna neno. Maji na makala kidogo ni bei ndogo kuliko fimbo.

Kama baada ya majaribio mengi bado imekataa, una njia mbili. Ya kwanza: funga kitambaa chenye maji kuzunguka fimbo chini ya kimrija, kisha pitisha mwali wa briketi juu ya chuma cha pete, kule mwisho kabisa. Sekunde tatu, ondoa, jaribu kuvuta, sekunde tatu tena. Mwali usiguse mwili wa fimbo hata mara moja. Rangi ikianza kutoa mapovu au harufu, umepita kiasi, simama. Njia ya pili ni nzuri zaidi kama pete yenyewe imeshakufa: chukua tupa ndogo, piga mstari kwa urefu wa kimrija hadi chuma kiwe chembamba kama karatasi, kisha kifungue kama unavyofungua ganda la karanga. Pete inakwenda, fimbo inabaki.

Kutoa pete za katikati

Pete za katikati hazikushikwa na gundi peke yake. Zina mguu mmoja au miwili ya chuma iliyolala juu ya fimbo, uzi umezungushwa juu yake, na verinisi imepakwa juu ya uzi. Ukivuta pete, mguu unachimba fimbo.

Tumia wembe mpya. Ulaze wembe juu ya mguu wa chuma, si juu ya fimbo, na ukate verinisi na uzi kwa urefu wa mguu huo. Chuma kiko chini ya wembe, kinalinda fimbo kama ubao wa kukatia mboga unavyolinda meza. Ukata ukielekea mbali na kidole chako. Uzi ukishafunguka, mguu utainuka wenyewe, na uzi uliobaki utavutwa kama nyuzi za mahindi.

Verinisi iliyobaki inashikilia. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kifunge pale kwa dakika mbili. Kisha kwangua kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa au kwa ukucha. Msitumie kisu, na msitumie msasa mkavu kwenye mwili wa fimbo. Msasa unakata zile nyuzi za nje, na nyuzi za nje ndizo zinazobeba mzigo mkubwa fimbo inapopinda. Jeraha jembamba kama unywele leo ni mahali pa kuvunjikia kesho.

Watu wanatuuliza juu ya asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Inasaidia kwa gundi ya kukauka haraka, ikiwekwa kwenye pamba tone moja moja. Lakini inakula rangi na verinisi ya fimbo, na inalipuka ikiwa karibu na moto. Ukiweza kupata alkoli ya kusafishia vidonda, anza na hiyo kusafisha mabaki. Esanse, hapana. Hata kidogo, hapana. Esanse na mbabula katika uwanja mmoja ni kifo kinachosubiri upepo.

Mpini na kiti cha kigurudumu

Hapa kwanza mjiulize: je, lazima itoke? Kiti cha kigurudumu cha kukunjia kamba kinachocheza kidogo kinaweza kutengenezwa bila kutolewa: piga tundu dogo kwenye kiti peke yake, ingiza gundi mpya kwa bomba la sindano ambalo halijatumika, acha ikauke. Mkono wako usimame kabla tundu halijafika mwili wa fimbo.

Kama ni lazima kitoke, kubalini jambo moja: mpini unakufa ili fimbo iishi. Mpini wa vizibo au wa sifongo ngumu unakatwa kwa vipande vidogo kwa kisu, na unaacha tabaka jembamba ambalo baadaye unalimaliza kwa tupa. Kiti cha plastiki kinapigwa mistari miwili kwa msumeno mdogo, kila upande mmoja, kwa urefu. Msumeno usifike chini: acha unene wa karatasi chache, kisha ingiza bisibisi ndani ya mstari, uigeuze, kiti kitapasuka. Chini yake mara nyingi utakuta karatasi au utepe uliozungushwa kujaza nafasi. Huo unalowa kwa maji ya moto na kutoka.

Kama mnataka kuokoa kiti pia, kifungeni kwa kitambaa na mmimine maji ya moto juu yake polepole kwa dakika kumi. Kisha mtu mmoja ashike fimbo, mwingine ashike kiti, wote wawili wakiwa na vipande vya mpira wa ndani wa kinga mikononi ili isiteleze. Hapa fimbo ni nene, inaweza kuvumilia mzunguko mdogo, lakini kwa polepole. Mkisikia sauti ya kukwaruza, simameni mpashe tena.

Viungo vilivyokwama

Kuna wanaoleta fimbo ya vipande viwili wakisema imeshikwa na gundi, na gundi haipo. Ni vumbi. Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi linaingia kila mahali. Likiingia kwenye kiungo na umande, linakuwa kama simenti.

Msifanye peke yenu. Watu wawili wasimame wakitazamana, kila mmoja aweke mkono mmoja upande huu wa kiungo na mmoja upande ule, kisha wavute pamoja kwa mstari ulionyooka. Nguvu zinagawanyika, fimbo haipindi. Ikikataa, pasha kipande cha nje kwa kitambaa cha moto kwa nusu dakika, ili kipanuke, mvute hapo hapo kabla cha ndani nacho hakijapata joto. Ikishatoka, safisheni kwa maji ya sabuni, kausheni, na mpake nta ya mshumaa kidogo kwenye kipande cha ndani. Haitakwama tena upesi.

Usalama wa mtu kabla ya usalama wa fimbo

Fanyeni kazi nje. Mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa inatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke. Baridi ya Juni na Julai si sababu ya kufunga mlango.

Fimbo ya kaboni au ya kioo ikikatwa au kupigwa tupa, inatoa vumbi linalowasha ngozi na kuumiza mapafu. Loweka mahali unapokata, vaa kashene, na nawa mikono kabla ya kushika mtoto au chakula. Fimbo iliyovunjika ina vijiti vyembamba kama miiba. Funga penye jeraha kwa utepe kabla ya kuibeba.

Gundi ya kukauka haraka ikishika vidole, usivute. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, itaachia polepole. Ikiingia jichoni, mimina maji mengi ya uvuguvugu na uende hospitali siku ile ile. Usilazimishe kope kufunguka. Na msiifute kwa kitambaa cha pamba: gundi hiyo ikikutana na pamba inatoa joto la kuweza kuunguza ngozi.

Mwisho, jueni fimbo yenu ni ya nini. Mara nyingi ya kaboni ni nyeusi ndani inapokatika, nyepesi na ngumu. Ya kioo ni nyeupe au ya kijani, nzito zaidi na laini. Hili si la kujivunia sokoni tu. Kaboni inapitisha umeme. Kolwezi ndiko inakoishia ile njia kubwa ya umeme kutoka Inga, yenye urefu wa kilometa 1,700 hivi, iliyomalizika 1982, na nyaya zingine nyingi zinapita juu ya mashamba na mito yetu. Ukipita chini ya waya, beba fimbo imelala, si imesimama. Mvua ikianza na radi, weka fimbo chini, ondoka kwenye maji.

Kurudisha, kwa kumfikiria atakayetengeneza kesho

Pete ya ncha irudishwe kwa gundi ya kuyeyuka, si kwa Araldite. Inashika vya kutosha, na siku itakapovunjika tena, kopo la maji ya moto litamaliza kazi kwa dakika moja. Yeyusha gundi, paka kidogo kwenye ncha ya fimbo, vaa pete, linganisha na alama yako kabla haijapoa.

Mpini unataka gundi ya mirija miwili. Pimeni sawa kwa sawa. Kuongeza ya mrija mmoja ili ikauke haraka kunaifanya ibaki laini siku zote. Wakati wa baridi inachelewa kukauka, kwa hiyo ifanyeni asubuhi, muiache juani mchana kutwa, na msiitumie hadi kesho yake. Kisha ijaribuni kabla ya kwenda majini: fungeni chupa ya nusu lita iliyojaa maji kwenye kamba, muinue polepole. Ikipinda vizuri bila sauti, iko tayari.

Kazi ya koperative

Si kila mmoja anapaswa kununua tupa, wembe na vijiti vya gundi. Sanduku moja la koperative linatosha: kopo refu, tupa ndogo, wembe, uzi wa nailoni, vijiti vya gundi, mshumaa, kashene mbili, na vipande vya mpira wa kinga. Chagueni watu wawili wa kulitunza, na kila anayelichukua aandikwe kwenye daftari kama mnavyoandika mbegu. Fimbo iliyokufa kabisa isitupwe: pete zake zitolewe kwa maji ya moto, zisafishwe, ziwekwe kwenye chupa. Pete ya fimbo iliyokufa itaokoa iliyo hai.

Na siku mtu atakapoleta fimbo akisema imeisha, anataka kushona chandarua, mwambieni akae kwanza. Wekeni maji kwenye mbabula. Yakichemka, mtazame pamoja kama kweli imeisha.